Nyuma ya Tela la Odeta

Vijana wangu, juzi baada ya ibada mmoja wenu alinionyesha video kwenye simu yake. Lori linashuka kutoka milima ya theluji kule juu ya Jindabyne, theluji inaanguka, na dereva ameegemea kiti anatafuna big'jii. Gia zinajibadilisha zenyewe, kiti kina joto, na kamera inamwonyesha kila kilicho nyuma yake. Akaniuliza, "Uncle, na nyinyi mlikuwa hivi?" Nikatabasamu, nikamwambia Mungu azidi kukubariki. Nilipofika nyumbani nikakataa chai. Mke wangu, Mama Neema, ambaye ni muuguzi kule Westmead na hadanganyiki, aliniangalia mara moja tu akauliza, "Leo umemwonea nani wivu?"

Nimewaonea ninyi. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi kwa kuwa wengi wenu mmeshika usukani, na mimi siwezi kuandika mambo ya kazi nikauacha wivu nje ya mlango. Kuna watu wanaendesha kwa hofu, kuna wanaoendesha kwa sifa. Mimi Mgaya nimeendesha kwa wivu, tangu Iringa hadi yadi yetu ya Smithfield hapa Sydney, na nimestaafu nikiwa na viungo vyangu vyote, ukiondoa goti la kushoto ambalo klachi ililimaliza.

Haya, tuanze. Kushuka mlima wa theluji kunaanzia kwenye pampu ya mafuta. Msimu wangu wa kwanza nilijaza tangi Smithfield mpaka likafurika, nikijisifu kwamba sitasimama njiani kama wenzangu wavivu. Barry aliniona, akaniacha. Barry alikuwa Mwaustralia mzee, dereva wa njia ya theluji wa siku nyingi, mtu wa maneno machache na kaptula hata wakati wa baridi. Yeye ndiye alikuwa ananifundisha. Tulilala Jindabyne, asubuhi nikawasha gari, injini ikakohoa, ikazima. Nikawasha tena, ikazima tena.

Mnayaona mafuta ya nazi kwenye chupa, asubuhi ya mwezi wa saba kule Makambako? Basi dizeli ya Sydney ikipanda milimani inafanya hivyohivyo. Inaganda, chujio linaziba, na wewe unabaki unaupiga usukani makofi. Barry alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama mbele ya watalii wenye mbao za kutelezea begani, akaniuliza kwa sauti, "Full tank, mate?" Watalii wote wakacheka. Kumbe dawa ni kuondoka Sydney na mafuta kidogo, ufike Cooma, mji wa chini ya milima, tangi likiwa na njaa, ndipo ujaze dizeli ya milimani. Siku hizi simu zenu zinawakumbusha. Mimi nilikumbushwa kwa aibu, na ndiyo maana sijasahau.

Jambo la pili ni breki ya injini, ile ya swichi inayotumia injini kupunguza mwendo, na hapa tuligombana. Mimi nimeshuka mlima Kitonga kule Iringa na shehena ya mbolea, lori bovu, magari yanapandana mbele na nyuma. Kitonga breki ya injini ndiyo mama yako. Unaiwasha juu, unaiachia chini, na ukifika salama unainunulia soda. Siku ya kwanza kushuka kwenye barafu nikaiwasha kama nilivyozoea. Barry akanyoosha mkono kutoka kiti cha abiria, akaizima mwenyewe, bila kuniuliza. Nilinuna mpaka Cooma.

Alikuwa sahihi, nikiri tu. Kwenye barafu breki ile inayakamata tu magurudumu yanayosukuma gari. Yakisimama ghafla, kichwa cha lori kinapungua mwendo na tela halina habari. Linakuja kwa pembeni, linataka kukupita. Ukiliona tela lako kwenye dirisha lako mwenyewe, umeshachelewa. Kwa hiyo chagua gia ndogo kabla mteremko haujaanza, uingie nayo, ushuke nayo. Ukianza kutafuta gia katikati ya mteremko unautafuta msiba. Minyororo ya matairi uifunge mapema, mahali pa tambarare, wakati bado unajiona mjinga kuifunga. Na tela tupu mliogope kuliko lililojaa. Lililojaa lina uzito wa kuikamata barabara, tupu linacheza dansi.

Kuna kitu kingine nimewaona vijana hamkijui. Barafu mbaya ni ile isiyoonekana, kwenye vivuli vya mikaratusi na juu ya madaraja, lami inang'aa tu kana kwamba mtu kaimwagia maji. Utajuaje kama ni maji au barafu? Tazama matairi ya gari lililo mbele yako. Yakirusha maji, hayo ni maji. Lami iking'aa na matairi hayarushi kitu, ondoa mguu kwenye mafuta na usiguse kitu kingine. Hili Barry alinifundisha siku nilipomuuliza kwa nini anayakodolea macho magurudumu ya wenzake, nikidhani ana wivu kama mimi.

Sasa nifike kwa Odeta.

Odeta alikuja yadini kwetu kutoka bandari ya Port Botany, alikokuwa akivuta makontena. Ni Mrundi, amekulia kambini Kigoma, na kuendesha alijifunza hukuhuku Australia. Hajawahi kushuka Kitonga. Hajawahi kushuka hata Ipogolo pale Iringa, ambapo wanashuka wanafunzi na baiskeli. Alikuwa mama wa watoto watatu, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwenye maghala ya jirani. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo kaka Mgaya," nami nikaitikia marahaba, na wiki hiyohiyo Barry akamkaribisha kwenye lori lake.

Mimi Barry hakuwahi kunipa hata biskuti. Odeta alimpa biskuti, akampa glavu zake za ngozi za kufungia minyororo, akamwonyesha kona ambazo mimi nilizigundua kwa kujitia hasarani. Wakirudi nawasikia wanacheka kabla lori halijaingia getini. Nilikuwa nikiwaangalia kwenye kioo cha pembeni huku najifanya nafuta kioo hichohicho. Ilinichoma sana, na sitaki kuifunika kwa maneno mazuri. Nyumbani nilikuwa nikila ugali namtaja Odeta, mpaka Mama Neema akaniambia nimwalike tu aje tule naye, maana kila siku yupo mezani.

Nikamuuliza Barry siku moja, wakati wa chai ya saa nne, kwa nini yeye na si mimi. "She asks," akasema. Yeye anauliza. Kisha akanielekezea kikombe: "You tell stories." Wewe unasimulia hadithi.

Mjue kilichokuwa kinagombewa. Njia ya theluji ilikuwa moja, na Barry alikuwa anastaafu msimu ule ukiisha. Atakayemrithi ndiye atakayepanda milimani kila majira ya baridi. Mwingine atabaki na mapaleti ya maghala na foleni ya bandarini, akipumua moshi wa wenzake mpaka uzeeni. Nilitaka milima ile. Baridi yake ilinikumbusha nyumbani, na pale juu, kabla ya kuanza kushuka, nilikuwa najiona dereva kweli. Kumwona mtu aliyeanza kazi juzi akiichukua kwa kicheko na biskuti kulininyima raha.

Basi mwezi wa nane kukawa na mzigo mwingi, tukapanda malori mawili. Barry alibaki yadini makusudi, akasema anataka kuona tutarudije. Odeta alipewa vyakula vya hoteli. Mimi nikapewa bia na karatasi za chooni. Nilisema asante.

Tulishusha mizigo, tukaanza kurudi mchana na matela matupu. Juu kabisa, kabla mteremko haujaanza, kuna sehemu ya kukagulia minyororo. Odeta akasimama, nami nikasimama nyuma yake. Akashuka, akalizunguka lori lake lote, akavuta kila mnyororo kwa glavu za Barry. Nilimwangalia kwa makini, nikakosa la kumlaumu. Akapanda. Nikangoja aondoke. Haondoki. Mara redio ikaita, na tulikuwa wawili tu kwenye chaneli ile.

"Kaka, tuombe."

Sasa mimi ni Mlutheri wa Iringa. Ombi langu la safari nalimaliza kabla mkanda haujabana. Odeta alifumba macho, nadhani, na akaanza. "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa hii kazi, tunakushukuru kwa hii inchi umetupatia. Bariki watoto wetu. Bariki Barry na magoti yake yote mbili. Baba, kumbuka ndugu zetu wenye wamebaki kule kambini, moja kwa moja..." Akaanza kuwataja mmoja mmoja. Theluji ikawa inajaa kwenye waipa zangu. "Na bariki kaka Mgaya mwenye iko nyuma yangu. Umpe macho. Umpe amani mu roho yake."

Amani rohoni mwangu! Nilitaka kuizima redio. Alikuwa anajua. Yadi nzima ilijua namwonea wivu, na huyu mwanamke alikuwa anamwelezea Mungu mbele yangu, kwa redio.

Lakini lipo kosa alilolifanya pale, nalo mlisikie vizuri. Ukisimama juu na breki zimelowa theluji, huvuti breki ya mkono ukakaa. Unaweka gia, unatia vigingi chini ya magurudumu, unaziachia breki. Ukizivuta, yale maji yanaganda kati ya breki na dramu ya gurudumu, na utakapoziachia baadaye gurudumu linabaki limeshikwa. Odeta alikuwa akiijua sheria hii kuliko mimi. Alizivuta kwa sababu alidhani ataomba kidogo. Hakuna mlokole wa Kirundi anayejua urefu wa ombi lake mwenyewe akiwa ndani yake.

Akasema amina, nami nikasema amina, tukaanza kushuka.

Nilikaa nyuma yake kwa umbali unaotakiwa na macho yangu hayakutoka kwenye tela lake. Nilikuwa natafuta kosa. Nilitaka aingie kona moja vibaya kidogo, si kwa kuumia, kidogo tu, nipate la kumpelekea Barry. Hakukosea. Gia ile ndogo, mwendo uleule, kona inakuja anaipokea taratibu. Nilikuwa na hasira naye kwa uzuri wa kazi yake.

Ndipo nikaliona. Bonge la theluji lilikuwa limenata ubavuni mwa gurudumu la nyuma kabisa, upande wa kushoto, na bonge lile lilikuwa halihami. Magurudumu mengine yote yanazunguka. Lile moja limesimama, linaburuzwa juu ya theluji kama sanduku. Mwenyewe hawezi kusikia kitu, tela ni tupu na barabara ni laini. Gurudumu lisilozunguka haliikamati barabara, na mbele yetu kulikuwa na kona ndefu ya kivulini inayong'aa, na chini ya kona ile kuna mto. Akiingia pale, nyuma ya tela itakwenda inakotaka.

Kuna mtu ndani yangu alianza kufurahi. Nawaambia jinsi ilivyokuwa. Ila hakuwahi kumaliza kufurahi, mkono ulikuwa umeshaishika redio.

"Odeta, gurudumu lako la nyuma kushoto limesimama."

"Nini, kaka?"

"Halizunguki. Breki imeganda. Usikanyage breki, usiguse."

"Mimi sisikii kitu. Camion iko sawa."

"Husikii kwa sababu ni theluji. Mimi ndiye ninayeona. Simama kabla ya kona."

Nilijua anachofikiri, ningefikiri vilevile. Anajiambia, yule mwenye wivu anataka nisimame katikati ya mlima, aende akamwambie Barry nimeogopa. Lori lake likaendelea kushuka, na ile kona naiona inakuja.

"Kaka Mgaya, unaapa?"

"Naapa kwa Neema, binti yangu. Mama, simama!"

Sikuwahi kumwita mama kabla ya siku ile. Nikaona matairi yake ya kushoto yanasogea pembeni, taratibu, yanapanda kwenye theluji laini ambayo haijasafishwa, na hiyo ndiyo njia ya kusimamisha lori bila breki, mkumbuke: theluji nene ya pembeni inalikamata gari lenyewe. Tela likayumba. Kitako chake kikaanza kuja kwa nje, kisha kikarudi. Likasimama. Kona ilikuwa hapo mbele, hata kutema mate ungeifikia.

Nilitia vigingi kwenye gari langu, nikashuka na nyundo. Breki ya hivyo huimwagii maji ya moto, maana yataganda vibaya zaidi. Unaigonga dramu, pande zote, bila papara, mpaka usikie inaachia. Odeta alishuka akasimama nyuma yangu. Akautazama mstari ambao gurudumu lile lilikuwa limeuchora kwenye theluji, umenyooka mpaka kule tulikotoka. Akaitazama kona. Akakaa kwenye ngazi ya lori lake, glavu mapajani.

Breki ikaachia. Nikamwambia tayari.

"Mungu alinisikia," akasema, kwa sauti ndogo.

"Aliyekusikia ni mimi."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea baada ya kicheko kwisha. Nikamngoja. Mwishowe akajifuta, akaniuliza, "Kaka, uliona aje kitu kidogo vile, mbali vile?"

"Nilikuwa nakutafutia kosa."

"Kuanzia wapi?"

"Kuanzia Smithfield."

Tuliporudi yadini alimweleza Barry kila kitu mbele ya watu, ombi, breki, kona, mto. Hakuficha hata neno moja. Mimi nimesimama pale nimenyoosha mgongo, nimeshaanza kuhesabu mlima ni wangu. Barry alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia Odeta kwamba anayesema kosa lake kabla hajaulizwa ndiye wa kupewa njia ile, na njia ikawa yake. Kisha akanigeukia mimi. Mzigo umeongezeka, akasema, malori yatakuwa mawili kila safari. Yeye mbele, wewe nyuma. Halafu akanipa mkono, mara ya kwanza na ya mwisho: "And don't you change, mate." Nisibadilike.

Sikubadilika. Misimu yote iliyofuata mpaka nilipostaafu, milima ile niliiona, ila niliiona nyuma ya tela la Odeta. Najua taa zake za nyuma kuliko ninavyozijua za gari langu. Kila msimu nilikuwa najiambia mwaka huu nitakaa mbele, na kila msimu nilimsikia akiitwa yeye kuulizwa hali ya barabara, na roho ikaniuma upya. Hakukosea tena. Mara mbili tatu nilimwona anakaribia kukosea, nikasema, akasikiliza bila kuniapisha. Mpate mtu kama huyo, vijana. Rafiki anakupenda, kwa hiyo anakuangalia usoni. Kwenye barafu mtafute anayekuonea wivu, umweke nyuma, huyo atayaangalia magurudumu.

Siku ya kuniaga pale yadini alileta sambusa, wakakata keki, wakasema maneno. Alinisogelea pembeni akauliza, "Sasa kaka, nani ataniangalia mimi?" Nikamwambia watapata mtu. Nilisema haraka, nikaenda kuchukua sambusa nyingine.

Wamempata. Ni mmoja wenu, yuleyule aliyenionyesha video yake, simtaji jina, anajijua. Kijana, nafasi uliyokaa ni yangu, na ninakuonea wivu usiku na mchana, kiti chako cha joto na vyote. Ila nisikilize. Hiyo kamera yako inatazama nyuma yako. Wewe mtazame aliye mbele. Odeta akisimama pale juu akasema tuombe, mkumbushe kwanza aachie breki, ndipo ufumbe macho. Na akifika mahali pa kumtaja mtu wa nyuma yake, tega sikio. Kama bado anasema kaka Mgaya kabla hajasema jina lako, nipigie simu ukifika Cooma. Kama ameshaanza na lako, usinipigie.